Mzee Aliyenyamaza Mlango Ulipofunguliwa

Nilikuwa nimepiga magoti namvisha soksi za sufu, dirisha limeganda barafu hadi katikati, alipoanza kugonga vidole kwenye mkono wa kiti na kughani. Sauti ilitoka chini kifuani, kavu, haipandi wala haishuki sana. Mistari minne. Alipofika silabi ya mwisho aliivuta, akaishikilia palepale hadi pumzi ikapungua, kisha akavuta hewa mara moja na kuingia ubeti wa pili.

Nimekaa kaskazini mwa Iceland miaka kadhaa sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee, na Kiaislandi changu kinanitosha kazini. Maneno yote sikuyashika. Nilishika upanga, meli, jina la mwanamke.

Beti kadhaa baadaye mlango ukafunguliwa. Akaingia binti yake, mama mtu mzima, amebeba mfuko wa machungwa. Mzee akanyamaza. Hakusubiri hata ubeti uishe, alikatiza katikati ya mstari na kugeukia dirishani kana kwamba hakuna kilichokuwa kikiendelea.

"Endelea, babu," nilimwambia. Hapa kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata rais wa nchi, lakini kwa mtu wa umri wake mdomo wangu ulikataa tangu mwanzo. Nikawa namwita afi, babu, naye akaridhia.

"Hapana," akasema. "Hizo ni takataka za zamani."

Uso wake ndio ulioninyima raha wiki nyingi. Ulikuwa uso wa mtoto aliyekutwa anaiba sukari. Mtu aliyepita miaka tisini, chumbani kwake mwenyewe, anamwonea haya binti aliyemzaa kwa sababu ya beti ambazo watu wa nchi yake walizishikilia kwa zaidi ya miaka 600.

Aibu hiyo ilitoka wapi?

## Chumba kimoja, taa moja

Alichokuwa anaghani kinaitwa rímur. Ni tenzi ndefu za masimulizi: wafalme, mashujaa, safari za baharini, mapenzi yaliyoingia doa. Utenzi wa zamani kabisa wa aina hii uliotufikia unamhusu Mfalme Ólafur wa Norwei, yule aliyefanywa mtakatifu, nao umo ndani ya Flateyjarbók, muswada mkubwa ulioandikwa juu ya ngozi za ndama mwishoni mwa karne ya 14. Tangu hapo Waaislandi hawakuacha kuzitunga mpaka karne ya 20. Zinazojulikana zinapita 1,000, na nyingi hazijawahi kupigwa chapa.

Kwa karne nyingi nchi hii haikuwa na miji. Watu waliishi kwenye mashamba yaliyotawanyika, katika nyumba za mawe na mabonge ya udongo wenye nyasi, na chumba kilichobeba maisha yote ni baðstofa, vitanda vimepangwa pande mbili. Humo walilala, walikula, walifanya kazi. Majira ya baridi jua huchungulia saa chache tu, na sufu ilikuwa inasubiri kuchambuliwa, kusokotwa na kufumwa. Jioni ikiingia, mmoja alikaa karibu na taa ya mafuta ya samaki, akasoma visa vya kale au akaghani rímur, wengine mikono ikiwa kazini na masikio yakiwa kwake. Mikesha hiyo waliiita kvöldvaka.

Walikuwepo waghani waliozunguka shamba hadi shamba, malipo yao chakula na pa kulala. Utenzi mmoja uliweza kuchukua jioni kadhaa. Kila sehemu ilifunguliwa kwa beti za utangulizi, mara nyingi mtunzi akiwaelekea wanawake, akijinyenyekeza, akilalamikia mapenzi au uzee, ndipo aingie vitani. Na ule mvuto wa silabi ya mwisho, seimur, wasikilizaji waliupokea pamoja na mghani.

Hapo ndipo mimi hukwama kila ninapofikiria. Chumba kizima, wakubwa kwa watoto, harufu ya sufu mbichi, wote wanaishia kwenye noti moja. Babu alizaliwa maisha hayo yakiwa ukingoni. Alichonighania asubuhi ile kilikuwa na nafasi ya watu wengine ndani yake, nami sikujua pa kupokea.

## Ubeti unavyosimama

Sisi tuliokulia kwenye utenzi wa mizani nane tunadhani tumeshaona ukali wa sheria za utunzi. Rímur zina vina kama zetu, na juu ya vina zina kanuni nyingine inayobeba kila kitu: sauti za mwanzo wa maneno. Katika mstari wa kwanza maneno mawili yenye mkazo lazima yaanze na sauti ileile, na neno la kwanza lenye mkazo katika mstari wa pili lazima liwaitikie. Mstari wa tatu na wa nne vivyo hivyo, kwa sauti nyingine. Irabu zote huhesabiwa kuwa zinaitikiana.

Nimetunga ubeti wa Kiswahili kwa kipimo kinachokaribia ule wa kawaida kabisa, mistari mirefu ikipokezana na mifupi, ili sikio lako lipate la kushika:

Kipupwe kikali chapiga dirisha,
kondoo wako zizini;
sufu na simulizi zote zakesha,
sauti yatoka chini.

Soma kwa sauti. K, k, kisha k inaitikia. S, s, kisha s. Kwetu mchezo huu ni mwepesi mno, maana ngeli zinatupa herufi za mwanzo bure. Kiaislandi hakina zawadi hiyo. Kila sauti inatafutwa. Na hiyo ndiyo bahari nyepesi. Ziko nyingine zinazodai vina vya katikati, vina vya kushoto na kulia vinavyokutana, hata beti zinazosomeka mbele na nyuma. Aina na vijitawi vyake vinapita 2,000. Mwaka 1953 mkulima mmoja mshairi na mghani, Sveinbjörn Beinteinsson, alichapisha kitabu cha kanuni hizi na kutunga ndani yake mifano 450, kila mmoja kwa bahari yake.

Juu ya ubeti kama huo ndipo linapokaa lahani, wao huliita stemma. Ni fupi, mistari minne basi, linarudiwa ubeti baada ya ubeti, nalo linatumikia maneno. Mghani hulikunja, hulinyoosha, hubadili kidogo pale neno linapodai. Noti zake nyingine haziko kwenye piano. Zinakaa kati ya kibonyezo kimoja na kingine, na mghani mzuri huzirudia mahali palepale kila mara, kwa hiyo usiniambie anakosea.

Hili la noti litarudi, kwa sababu ndipo aibu ilipoingilia.

## Waliokataza

Jibu la haraka ni kanisa. Na kweli kanisa lilijaribu.

Mwaka 1589 Askofu Guðbrandur Þorláksson wa Hólar alichapisha kitabu cha nyimbo za dini, na katika dibaji akaeleza kwamba anataka watu waachane na rímur za majitu na mashujaa na nyimbo za mapenzi. Watu hawakuachana nazo. Askofu alikuwa na akili ya kutosha kulitambua hilo, maana mwaka 1612 alitoa kitabu kingine chenye rímur ndani yake, visa vikiwa vya Biblia safari hii. Alikubali chombo, akabadilisha shehena.

Mwaka 1746 ikaja amri ya serikali kutoka kwa mfalme wa Denmaki, aliyekuwa akiitawala Iceland, juu ya nidhamu ya nyumbani, na miongoni mwa yaliyokatazwa ni hadithi zisizofaa na rímur. Fikiria amri hiyo ikisafiri hadi kwenye baðstofa iliyozungukwa na theluji hadi madirishani, hakimu yuko mbali siku nzima kwa farasi. Waliendelea.

Ngoma haikuwa na bahati hiyo. Vikivaki, ngoma za duara za usiku zilizokusanya watu kutoka mashamba ya mbali, zilipigwa vita mpaka mkusanyiko mashuhuri wa Jörfi, huko Dalir, ukapigwa marufuku mwanzoni mwa karne ya 18. Nadhani sababu ni nyepesi. Ngoma inahitaji watu wengi waonekane mahali pamoja, na kinachoonekana kinafikika. Utenzi ulikuwa chini ya paa la kila nyumba.

Kwa hiyo askofu alishindwa, na mfalme alishindwa. Babu hakunyamaza kwa sababu yao.

## Mtu nisiyeweza kumchukia

Mwaka 1837 kijana mmoja mshairi, Jónas Hallgrímsson, alichapisha uhakiki katika Fjölnir, jarida ambalo wasomi wachache wa Kiaislandi walilitoa Copenhagen. Alikuwa akihakiki rímur za Tistran na Indíana, kazi ya Sigurður Breiðfjörð, mtunzi aliyependwa na watu wa kawaida kuliko wote wa wakati wake. Alizichanachana. Na hakuishia kwa mtunzi mmoja: rímur karibu zote, alisema, zinalivunjia taifa heshima.

Sigurður alikuwa fundi wa mapipa. Alikuwa amefanya kazi Greenland, na huko ndiko alikotunga rímur zake zilizo bora. Alikufa mwaka 1846 Reykjavík, fukara, hajafika miaka hamsini.

Nilipoanza kusoma habari hii nilitaka sana kumpata mkosaji, na Jónas alikuwa ananifaa: msomi wa Copenhagen anamkanyaga fundi mapipa. Lakini kadiri ninavyomsoma ndivyo mkono unavyolegea. Lugha ya Kiaislandi ina deni kwake ambalo haliwezi kulipwa. Siku ya kuzaliwa kwake, 16 Novemba, ndiyo Siku ya Lugha ya Kiaislandi. Aliona lugha yake ikibanwa na Kidenmaki, akaona watunzi wakijaza mistari kwa misamiati iliyochakaa ili tu sauti za mwanzo ziitikiane, akakasirika kama anavyokasirika mtu anayependa. Na ukifungua rímur nyingi za zama hizo, unakutana kweli na kurasa na kurasa za kujaza nafasi. Alikuwa na hoja.

Sisi wenyewe tuliwahi kugombana hivi. Wakati mashairi huru yalipoingia kwa kishindo, wenye arudhi waliwaita wenzao wasiojua kutunga, na vijana wakajibu kwamba vina na mizani ni pingu. Wengine hawajapatana mpaka leo. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna upande ulioshinda kiasi cha kumfanya mwingine aone haya kufungua mdomo.

Iceland upande mmoja ulishinda.

Na Jónas alikuwa akiizungumzia karatasi. Rímur za kusoma kimoyomoyo, mchana, Copenhagen, na rímur za mghani usiku wa manane mikono ikisokota sufu, si kitu kimoja. Mistari ya kujaza nafasi ambayo msomaji anaichukia ndiyo inayompa msikilizaji muda wa kuinua uzi uliodondoka. Jambo hili linanisumbua kuliko yote katika kisa hiki chote, kwamba mtu mwenye sikio kali kiasi kile alikihukumu kitu cha kusikilizwa kwa macho.

Halafu kuna hili. Shairi la Jónas lililofungua toleo la kwanza la Fjölnir mwaka 1835, "Ísland", linajulikana leo zaidi kwa lahani lake la tvísöngur. Huo ni uimbaji wa zamani wa sauti mbili: zinakwenda sambamba, zimeachana umbali wa noti tano, kama do na sol, kisha zinapishana, ya chini ikipanda juu na ya juu ikishuka chini. Sehemu nyingine za Ulaya waliuacha uimbaji huo zama za kati. Hapa wakulima waliendelea nao, na kadiri sauti zilivyogongana ndivyo walivyofurahi. Maneno yake yanaishi kwa koo za watu ambao ladha yao aliikosoa.

## Kinanda

Uhakiki peke yake usingefika kwa wazazi wa babu. Kilichofika ni kinanda.

Mwaka 1840 kanisa kuu la Reykjavík lilipata kinanda chake, na mpigaji wake akawa Pétur Guðjohnsen, aliyesomea Denmaki. Alifundisha kuimba, akachapisha kitabu cha nyimbo za kanisa, akawa na wanafunzi, nao wakawa makasisi na walimu, wakaenda mashambani na vinanda vidogo vya kukanyaga kwa miguu. Baada ya nusu karne hivi kulikuwa na namna mbili za kuimba katika nchi moja: mpya, iliyo safi, iliyopangwa, yenye sauti nne, na ya kale, ya pole pole, yenye kuvuta na kupindapinda.

Kinanda hakina noti za katikati. Ukisimama kando yake na lahani ulilopokea kwa nyanya yako, utasikika umekosea. Hakuna anayehitaji kukukataza. Mwalimu anatabasamu, anabonyeza noti "sahihi", unaifuata. Ukirudi nyumbani unamsikia babu yako, na kwa mara ya kwanza unasikia makosa.

## Kahawa kwenye korido

Nilimuuliza binti yake. Nilisita kwanza, kwa sababu kazi yetu ina mipaka yake na familia za watu si za kuchokonoa. Lakini alikuwa amekaa na kikombe cha kahawa baba yake akiwa amelala, nikamwambia nilichosikia asubuhi ile.

Alikaa kimya muda.

"Babu yangu ndiye aliyekuwa anaghani," akasema. "Baba wa baba. Alikuwa anakaa nasi. Nikiwa mtoto nilikuwa naomba Mungu marafiki zangu wakija asianze."

"Na baba yako?"

"Baba aliacha." Akazungusha kikombe. "Siku moja nilikuwa jikoni na wenzangu, nawaigizia babu. Ile sauti, kule kuvuta mwisho. Tulicheka sana. Nikageuka, baba amesimama mlangoni."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Kabla ya kuondoka alisema jambo moja tu: alidhani baba yake kasahau.

Nimelifikiria tukio hilo kuliko uhakiki wa 1837. Maana ukilifuata unaona njia nzima. Mshairi anaandika Copenhagen kwa mapenzi ya lugha yake. Mpiga kinanda anafundisha kwa bidii kile anachoamini ni kizuri. Mwalimu wa shule ya kijijini anapenda watoto waimbe vizuri. Mtoto wa miaka minane anataka wenzake wampende. Hakuna mtu mbaya katika mlolongo huu, na mwisho wake mwanamume mwenye nguvu zake anaacha kughani nyumbani kwake kwa miaka sitini.

Askofu na mfalme waliambulia patupu. Kicheko cha jikoni kikaweza.

## Kasisi na kalamu yake

Kuna upande wa pili wa kisa, na ndio ulionipa mashaka zaidi.

Kwenye ncha ya kaskazini, katika fiyodi iliyobanwa na milima, uko mji wa Siglufjörður, uliotajirika baadaye kwa samaki aina ya heringi. Mwaka 1888 alihamia huko kasisi kijana, Bjarni Þorsteinsson. Alikuwa mtu wa muziki mpya kabisa. Ibada yake ya sikukuu aliyoitungia muziki inaimbwa makanisani Krismasi mpaka leo. Na mtu huyohuyo alitumia takriban miaka 25 kukusanya za kale: nyimbo za kanisa za zamani, tvísöngur, malahani ya rímur, bembelezi. Alinakili miswada, aliwasikiliza watu, aliandikiana barua na nchi nzima. Kitabu chake kilitoka Copenhagen kati ya 1906 na 1909, kwa msaada wa mfuko wa Carlsberg, kurasa karibu 1,000.

Bila yeye tungekuwa na makombo. Hilo nalisema kwanza.

Lakini alikuwa na mistari mitano ya noti na kalamu. Noti iliyokaa kati ya vibonyezo viwili alipaswa kuisogeza huku au kule. Mvuto wa mwisho aliweza kuuandika urefu wake. Rangi yake, ule mkwaruzo pumzi inapoisha, hauandikiki. Vizazi vilivyojifunza rímur kutoka kitabuni vilizipokea zikiwa zimeshapita kwenye kinanda. Je, hapo kimehifadhiwa kitu, au kimetafsiriwa kwa lugha ya yule yule aliyekiaibisha?

Nilikwenda Siglufjörður nikiwa na swali hilo. Nyumba aliyokaa kasisi ni ya mbao, na tangu 2006 ni kituo cha muziki wa jadi. Ndani kuna langspil, kile chombo chembamba cha nyuzi chenye uzi mmoja wa lahani na nyingine za kunguruma, na kuna skrini za wazee wakighani na kuimba. Langspil ndiyo wageni wanayoipiga picha. Ni chombo kizuri, lakini muziki wa nchi hii uliishi kooni, na mashamba mengi hayakuwa na chombo chochote.

Nilikaa mbele ya skrini moja nikafungua nakala ya kitabu ubavuni. Hapo shaka langu likageuka. Ukurasa na koo havilingani, na kutolingana huko kunasikika wazi, kwa sababu vipo vyote viwili. Kazi ya kasisi ilinipa mahali pa kusimama ili nisikie umbali. Kama koo lingekuwa limepotea, ukurasa ungenidanganya. Kwa hiyo swali likahama: nani alihifadhi koo?

## Waliofungua midomo tena

Wa kwanza nimjuaye ni mfanyakazi wa benki, Jón Pálsson, aliyerekodi sauti za watu kwenye silinda za nta kati ya 1903 na 1912. Mtunzi Jón Leifs naye alizunguka na mashine yake miaka ya 1920. Lakini kundi ninalolipenda ni jingine.

Mwaka 1929 Reykjavík ilikuwa imejaa watu waliohama mashambani, wengi wao kutoka wilaya ya Húnavatn kaskazini. Vibarua, mafundi, akina mama wa nyumbani. Mjini hapakuwa na baðstofa wala mkesha, na mwaka uliofuata redio ya taifa ingeanza kuzijaza jioni zao. Watu hao walianzisha chama, Iðunn, cha kutunga beti na kughani. Hawakusubiri msomi awape kibali. Walijua vizuri watu wa mjini wanaionaje sauti ile, kwa sababu walikuwa wamekaa humo mjini.

Miaka ya 1935 na 1936 walirekodi malahani 200 kwenye sahani za santuri zinazoitwa za fedha. Waghani walikuwa wanachama wenyewe, wanaume kwa wanawake. Zilikaa zaidi ya miaka 60 kabla ya kutolewa kwa umma mwaka 2004. Ukizisikiliza, noti za katikati zipo, kila moja mahali pake. Hawakuzinyoosha mbele ya mashine. Kwangu huo ni ujasiri mkubwa, maana mtu akijua anasikilizwa na watakaokuja baadaye hushawishika kujipamba.

Leo Iðunn bado inakutana, na tangu 2013 kuna muungano wa vyama vya waghani wa nchi nzima. Mwanzoni mwa karne hii mvuvi na mghani Steindór Andersen alipanda jukwaani na bendi ya Sigur Rós, na vijana ambao wasingekanyaga mkutano wa wazee wakasikia seimur kwa mara ya kwanza. Nafurahia hilo kwa moyo wote. Ninachokiogopa ni kwaya. Mara nyingi nasikia lahani la rímur limevalishwa sauti nne, kila noti imesafishwa, wasikilizaji wanapiga makofi, na hakuna anayegundua kwamba kilichoondolewa ndicho kilichochekwa.

Nilimwekea babu sahani moja ya 1936 kwenye simu, mlango ukiwa wazi. Alisikiliza beti mbili, akasema mghani huyo anatoka Vatnsnes, anavuta mwisho kama watu wa Vatnsnes, na kwamba kwao hawakuvuta hivyo. Akanionyesha kwao walivyovuta. Tofauti ni ndogo sana: kwao noti inashuka kidogo kabla ya kukatika. Tukabishana, maana mimi nilisikia inapanda.

Kama nawe unataka kubishana, Ísmús, hazina ya rekodi za sauti za Iceland, iko wazi kwenye intaneti, haina ada. Tafuta rekodi alizofanya Helga Jóhannsdóttir vijijini miaka ya 1960 na 1970. Kiaislandi si lazima ukijue. Chagua mghani mmoja, sikiliza mwisho wa kila ubeti, beti kumi mfululizo, kisha uniandikie hapa chini kama noti ile inashuka au inapanda.